Pikapu Zinazopingana Fezi: Asili ya Hitilafu na Tiba Yake Katika Gitaa la Umeme

Mwenye gitaa la umeme lenye pikapu mbili aghalabu huikuta hitilafu hii kabla ya kulijua jina lake. Akiisikiliza pikapu ya shingoni peke yake, sauti ni nene na ina kina. Akiisikiliza ya darajani peke yake, sauti ni kali na ina nguvu. Walakini akiiweka swichi katikati ili zote mbili zifanye kazi pamoja, badala ya kupata jumla ya mema ya kila moja, hupata sauti nyembamba ya puani, iliyopoteza besi yake na sehemu kubwa ya nguvu yake. Hapo ndipo wengi huishitaki pikapu mojawapo, wakaing'oa na kununua nyingine kwa fedha nyingi, ilhali pikapu ile haina dosari yo yote. Kosa halimo ndani ya hii wala ndani ya ile, bali limo katika uhusiano wa hizo mbili. Tena kosa hilo lina asili mbili ambazo masikioni hufanana, lakini hazitibiwi kwa dawa moja. Na fundi anayeshika pasi ya kulehemu kabla ya kujua ni asili ipi iliyo mbele yake aweza kuirudisha besi ya gitaa na papo hapo akaliachia mvumo ambao lingeweza kuepushwa nao.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tuanze na pikapu yenyewe. Ni chombo chenye viungo vichache: sumaku, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliopakwa vanishi na kuzungushwa maelfu ya mara mpaka ukawa koili. Katika pikapu ya gitaa la Stratocaster mizunguko hiyo hukaribia 8,000, na waya wenyewe una unene wa takriban sehemu 6 katika 100 za milimita. Uzi wa gitaa, ambao sharti uwe wa chuma au nikeli ili sumaku iushike, ukitikisika juu ya pikapu hubadilisha nguvu za sumaku zinazopita katika koili. Na kila nguvu hizo zibadilikapo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, kwa kanuni aliyoifunua Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Umeme huo hupanda uzi unapokwenda upande mmoja na kushuka uzi unaporudi. Lakini kwamba utaanza kwa kupanda au kwa kushuka ni suala linaloamuliwa na mambo mawili tu: ni ncha gani ya sumaku inayotazama nyuzi, ya kaskazini au ya kusini, na ni upande gani waya ulikozungushwa, ambalo kwa matokeo yake ni sawa na kuuliza ni mwisho upi wa waya uliofanywa wa moto, yaani wa kupeleka sauti, na upi uliopelekwa ardhini.

Ukigeuza jambo moja kati ya hayo mawili, umeme hugeuka juu chini. Ukiyageuza yote mawili, hurudi ulivyokuwa. Sikio haliwezi kutambua mageuzi hayo pikapu inapofanya kazi peke yake, kwa maana sauti iliyogeuzwa na isiyogeuzwa ni moja kwa msikilizaji. Ni pale pikapu mbili zinapounganishwa, moja ikisema juu wakati mwenzake anasema chini, yaani fezi zao zikipingana, ndipo zinapokuwa kama mahamali wawili wanaosukuma mkokoteni mmoja, huyu kutoka mbele na yule kutoka nyuma: nguvu za kila mmoja ni kamili, lakini mkokoteni hauendi.

Mtu aweza kuuliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini basi gitaa lisinyamaze kabisa. Jawabu lipo katika mahali pikapu zilipo. Sauti nzito ya uzi, yaani ile ya msingi, huutikisa uzi mzima upande mmoja kwa wakati mmoja, hivyo pikapu ya shingoni na ya darajani huona mwendo wa namna moja, na zikipingana hufutana. Hazifutani kwa ukamilifu, kwa kuwa karibu na daraja uzi hutikisika kidogo kuliko karibu na shingo, na kilicho kidogo hakiwezi kukifuta kilicho kikubwa chote. Ama sauti nyembamba zinazopanda juu ya ile ya msingi, hizo huugawa uzi mapande mapande, pande moja likipanda wakati jirani yake linashuka. Na ikitokea kwamba pikapu moja iko chini ya pande linalopanda na nyingine chini ya linaloshuka, upinzani wao hugeuka kuwa mapatano, nazo huongezana. Ndiyo sababu kinachobaki ni wembamba na ukali. Kutokana na hayo hupatikana pia dalili moja ya hakika kwa gitaa kama Les Paul, ambalo kila pikapu ina kifundo chake cha sauti: swichi ikiwa katikati, punguza sauti ya pikapu moja kidogo kidogo, kama gitaa linanenepa badala ya kufifia, basi pikapu hizo zinapingana, wala huna haja ya ushahidi mwingine.

Sasa tuje kwenye mvumo, ambao ndio unaozitenga zile asili mbili. Koili ya waya hunasa umeme wa nyuzi za gitaa, lakini pia hunasa uchafu wa umeme wa nyumba, taa na transfoma, ambao kwetu Afrika ya Mashariki hugeuka mara 50 kwa sekunde na huko Marekani mara 60. Mvumo huu haupiti katika uzi, wala haujali ni ncha gani ya sumaku inayotazama juu. Wenyewe hutazama tu waya umezungushwa upande gani na umeunganishwaje. Muziki, kwa hiyo, hutii mambo mawili, na mvumo hutii moja. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, aliitumia tofauti hii alipounda pikapu ya koili mbili, ambayo aliiombea hataza mwaka 1955 na kupewa mwaka 1959: koili moja ina ncha ya kaskazini juu na nyingine ya kusini, na waya wao umeunganishwa kinyume, hata muziki uliogeuzwa mara mbili ukajumlishwa, na mvumo uliogeuzwa mara moja ukafutika.

Kwa mizani hiyo hiyo tupime gitaa lenye pikapu mbili za koili moja moja zinazopingana. Huenda sumaku zao ni kinyume, na waya wao umekwenda upande mmoja. Hapo muziki unafutana lakini mvumo unajumlika, na mwenye gitaa amepata hasara mbili kwa mpigo. Dawa ya gitaa hilo ni kubadilisha nyaya za pikapu moja, wa moto uwe wa ardhi na wa ardhi uwe wa moto, kwa maana kwa tendo hilo moja muziki unapatana na mvumo unafutika. Au huenda sumaku zao ni sawa, na waya ndio uliokwenda kinyume. Hapo muziki unafutana, na mvumo nao unafutana. Fundi asiyefikiri akibadilisha nyaya za gitaa hili la pili ataponya sauti, nayo itakuwa nene na nzuri, lakini ataurudisha mvumo uliokuwa umekwisha. Ilhali angegeuza sumaku angepata sauti ile ile pamoja na utulivu. Nakiri kwamba kugeuza sumaku ni kazi ngumu kuliko kubadilisha nyaya mbili, na huenda mwenye gitaa akaridhika na njia nyepesi; lakini na aridhike hali anajua anachokiacha. Wala asili hizo si vigumu kuzipambanua kwa sikio: washa amplifaya, shika nyuzi zisilie, kisha ipeleke swichi katikati. Mvumo ukitulia, waya ndio ulio kinyume. Usipotulia, sumaku ndizo zilizo kinyume.

Anayetaka hakika kuliko ya sikio hana haja ya kulifungua gitaa. Chomeka waya wa gitaa kama kawaida, na ule mwisho wake mwingine, badala ya kuutia katika amplifaya, uunganishe na mita ya umeme iliyowekwa kupima omu: ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa cha plagi, nyeusi kwenye shina lake. Fungua vifundo vyote vya sauti mpaka mwisho. Chagua pikapu ya shingoni peke yake. Mita itasema labda 6,000 au 7,000, na itatulia. Sasa chukua bisibisi ya chuma, ilaze juu ya pikapu mpaka sumaku iishike, ngoja tarakimu zitulie, kisha inyanyue ghafula huku macho yako yakiwa kwenye mita. Kwa nukta moja tarakimu zitaruka juu au zitaanguka chini, halafu zitarudi zilipokuwa. Andika umeona nini. Fanya vivyo hivyo kwa pikapu ya darajani. Pikapu zote zikiruka upande mmoja, zinapatana. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, zinapingana, na hukumu hii haina rufani. Mita ya zamani yenye mshale ni bora zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa mshale huonekana ukipiga kulia au kushoto, na tarakimu za mita za siku hizi wakati mwingine huchelewa. Ukiwa na dira ndogo, isogeze juu ya kila pikapu utazame ni upande gani wa sindano unaovutwa, nawe utakuwa umejua hali ya sumaku. Na aliyejua hali ya sumaku na hali ya fezi amekwisha kujua hali ya waya, ijapokuwa waya wenyewe umefichwa ndani ya kifuniko. Siwashauri watu kupima kwa kukutanisha pikapu mbili uso kwa uso, ingawa ni desturi ya mafundi wengi, kwa maana sumaku za aina ya alniko, zilizoundwa kwa alumini, nikeli na kobalti, zikisukumana kwa karibu huweza kupungukiwa nguvu.

Tiba ya kubadilisha nyaya ni rahisi kwa pikapu ya Stratocaster na zilizofanana nayo, ambayo nyaya zake mbili ziko huru na kifuniko chake ni cha plastiki. Si rahisi hivyo kwa Telecaster, na hapa nimeona kazi nyingi zikiharibika mikononi mwa watu hodari. Pikapu ya shingoni ya Telecaster ina kifuniko cha chuma, na kifuniko hicho kimeunganishwa kwa kipande kifupi cha waya na upande wa ardhi wa koili. Ukizibadilisha nyaya bila kukikata kipande hicho, kifuniko chote kinakuwa cha moto, na kila kidole kinapokigusa gitaa hulia kwa mvumo wa kutisha. Sharti kipande kikatwe, na kifuniko kipewe waya wake wa tatu uendao ardhini peke yake. Pikapu ya darajani ina jambo zito zaidi: bamba la chuma lililo chini yake nalo limeunganishwa na koili, na kwa kupitia skrubu zake ndilo linaloliunganisha daraja na nyuzi zote na ardhi. Anayebadilisha nyaya hapo bila kulitenga bamba atakuwa amezitia nyuzi zote upande wa moto. Kwa hiyo, kama mtu ana hiari ya kuchagua pikapu ipi aigeuze, na aigeuze ya shingoni.

Ama kuzigeuza sumaku katika pikapu za namna ya kampuni ya Fender, yaani za Stratocaster na Telecaster, ambazo sumaku zake ni vijiti sita vilivyopenya katikati ya koili, nawaomba mafundi wasithubutu kuvisukuma vitoke. Katika pikapu nyingi za zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya vijiti hivyo, ukitengwa navyo kwa vanishi tu, na kijiti kikisogea hukata waya ulio mwembamba kama nilivyoeleza. Pikapu iliyoishi miaka 60 ikafa kwa dakika moja. Njia ya salama ni kuiacha ilivyo na kuipitisha kati ya sumaku mbili zenye nguvu nyingi za neodimi, zilizofungwa imara zikitazamana, zitakazoipa hali mpya ya ncha. Pikapu ya P-90 hailetei mtu taabu hiyo: chini yake kuna sumaku mbili bapa zilizolala pande mbili za skrubu, na kugeuza fezi yake ni kuzigeuza zote mbili.

Pikapu ya koili mbili ina mashauri yake. Kwa kuwa kila moja hufuta mvumo wake yenyewe, ile tofauti ya asili mbili haina uzito hapa, nawe waweza kuifuata njia iliyo nyepesi. Zile za zamani hutoka na waya mmoja tu uliofunikwa kwa wavu wa chuma, na wavu huo ndio ardhi ya koili na ya kifuniko pia, hivyo nyaya hazibadilishiki. Hapo kinachogeuzwa ni sumaku, kijiti bapa kilicholala chini kati ya koili mbili. Legeza skrubu nne za chini, isukume sumaku polepole itoke ubavuni, igeuze, irudishe. Lakini kuna namna tatu za kukigeuza kijiti bapa, na moja kati ya hizo haigeuzi kitu. Ncha za sumaku hii hazipo miisho ya urefu wake kama wengi wanavyodhani, bali zipo kwenye mbavu zake mbili ndefu, moja ikiigusa koili hii na nyingine ile. Ukikizungusha kijiti kikiwa kimelala mezani, mwisho wa kulia uende kushoto, mbavu zinabadilishana nafasi, na fezi imegeuka. Ukikibiringisha kama anayebiringisha penseli, mbavu pia zinabadilishana. Ukikipindua mwisho kwa mwisho kama anayefunua ukurasa, uso wa chini unakuja juu, lakini kila ubavu unabaki upande wake, nawe utafunga skrubu, utavuta nyuzi, utawasha amplifaya, na hitilafu itakuwa pale pale. Weka alama ya kalamu kwenye ubavu mmoja kabla ya kuitoa.

Pikapu mpya za koili mbili hutoka na nyaya nne pamoja na waya mtupu wa tano, na hapo kugeuza ni kubadilisha wa kwanza na wa mwisho, waya mtupu ukibaki ardhini daima. Taabu ya nyaya hizi ni rangi, kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana. Kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa moto, wa kijani ni wa ardhi, na mwekundu huunganishwa na mweupe. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa moto, wa kijani ni wa ardhi, na mweusi huunganishwa na mweupe. Anayeichukua karatasi ya mmoja akaitumia kwa pikapu ya mwingine aweza kuzipinganisha koili mbili zilizo ndani ya pikapu moja, na ishara yake ni kwamba pikapu hiyo hata peke yake hutoa sauti nyembamba na dhaifu. Koili mbili hizo zapimwa kwa bisibisi kama nilivyoeleza, kwanza juu ya koili moja, kisha juu ya nyingine; sharti mita iruke upande mmoja kwa zote mbili.

Kabla ya kuyamaliza haya niondoe dhana moja iliyoenea sana. Sauti ile laini yenye mwangwi inayopatikana katika Stratocaster pikapu mbili jirani zinapofanya kazi pamoja, watu huiita ya fezi zilizopingana, nayo sivyo. Gitaa hilo lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na swichi ya nafasi tatu, na wapigaji wakagundua kwamba wakiikwamisha swichi kati ya nafasi mbili hupata sauti mpya. Mwaka 1977 kampuni ya Fender ikatoa swichi ya nafasi tano kuwaondolea kero hiyo. Pikapu hizo zinapatana fezi kamili, na utamu wake watokana na kwamba zimo mahali pawili tofauti chini ya uzi mmoja. Aliyeipenda sauti hiyo asije akabadilisha nyaya kwa kuitafuta, maana ataipoteza.

Linabaki swali la kama hitilafu hii lazima itibiwe. Jibu langu ni kwamba yategemea kazi ya gitaa. Mpigaji wa rithimu katika bendi ya dansi, ambaye wajibu wake ni kuushikilia mwendo chini ya solo na tarumbeta, hana faida na sauti iliyonyang'anywa uzito. Kwake yeye tiba ni faradhi. Lakini Peter Green, aliyeanzisha Fleetwood Mac huko London, alikuwa na Les Paul ya mwaka 1959 ambayo sumaku ya pikapu yake ya shingoni iligeuka, na swichi ilipokuwa katikati gitaa lile lilitoa sauti ya majonzi ambayo hadi leo watu huitafuta. Lilipita baadaye kwa Gary Moore na kisha kwa Kirk Hammett, na hakuna aliyelitengeneza. Kampuni ya Fender yenyewe iliukubali upinzani huo ilipotoa gitaa la Mustang mwaka 1964, ikaipa kila pikapu swichi ya kuteleza yenye nafasi tatu: kuwaka, kuzima, na kuwaka kwa fezi iliyogeuzwa.

Njia hiyo ya swichi ndiyo ninayoipendelea kwa yule asiyetaka kupoteza sauti ya aina yo yote. Inatosha swichi ya miguu sita, au kifundo cha sauti cha kuvuta, na nyaya mbili zilizopishana kati ya miguu ya pembeni. Iwekwe kwenye pikapu ambayo koili yake imetengwa na kifuniko na bamba lake, kwa sababu zile zile nilizozitaja juu ya Telecaster. Kwa gitaa lenye pikapu mbili, swichi moja yatosha, na ya pili haizidishi kitu. Brian May na baba yake, walipoanza kulijenga gitaa la Red Special kwa mikono yao mwaka 1963, hatimaye walilipa pikapu tatu za Burns na swichi ya fezi kwa kila moja. Lakini pikapu zote tatu zikiwaka, mipango 8 ya swichi hizo huzaa sauti 4 tu, kwa kuwa kuzigeuza zote pamoja ni sawa na kutogeuza hata moja. Fundi atakayejenga gitaa la pikapu tatu leo aweza kuacha ya katikati bila swichi, akazitoboa mbili tu ubaoni.